HOTUBA YA IJUMAA: MKUPUO WA MSTAAFU NI CHAKULA CHA MIAKA

Hotuba ya Kwanza

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kumruzuku mja akiwa na nguvu na Mwenye kumruzuku nguvu zikimwondoka. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria katika msikiti huu wa Manundu, nanyi ndugu zetu mnaotusikiliza kwa redio, majumbani, mashambani na safarini. Tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tumekusudia kusema juu ya jambo lizungumzwalo zaidi barazani kuliko mimbarini, nalo ni mali ya mtu aliyestaafu kazi, na namna ya kuitumia nyumbani kwake. Huenda msikilizaji akauliza: Je, hili nalo ni jambo la dini? Tunamjibu kwamba Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa mja hataondoka mbele ya Mola wake siku ya Kiyama mpaka aulizwe juu ya mali yake mara mbili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini. Umri wake ataulizwa mara moja, elimu yake mara moja, lakini mali mara mbili. Na vitabu vya fiqhi tulivyovisoma madrasa vina mlango mzima wa nafaka ya mke, watoto na wazazi. Basi jambo hili ni la dini tangu mwanzo wake hadi mwisho wake.

Mji wetu wa Korogwe ni mji wa watu wa mishahara. Reli kutoka Tanga iliufikia mwaka 1902, na mkonge ukaenea pande zote, Ngombezi, Magunga, Hale na Mnyuzi. Zikaja ofisi, zikaja shule, kikaja chuo cha ualimu, ikaja hospitali ya Magunga. Kwa hiyo kila mwaka wako miongoni mwetu walimu, wauguzi, makarani, askari na wafanyakazi wa mashamba ambao wanafikia miaka 60 na kuvua kazi, au wanaomba kupumzika wakiwa na miaka 55 kama sheria ilivyoruhusu. Mtu huyo jana alikuwa na mshahara, leo hana. Na baina ya jana na leo hupewa fedha ambazo hajapata kuzishika maishani mwake.

Kabla ya kusema habari za leo, tuwakumbuke waliotutangulia. Wazee wetu wa mkonge walikuja hapa kutoka mbali, wengine kutoka mikoa ya kusini na ya magharibi, wengine kutoka nchi za jirani, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna mkonge zaidi ya tani 200,000, na mwaka huo huo ukaundwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi za NPF. Mfuko ule ulikuwa ukimlipa mtu akiba yake yote kwa mara moja, kisha basi. Ilipofika miaka ya 1980, bei za vitu zilipanda mno kila mwaka, na mkonge ulikuwa umeanguka usifike hata robo ya ule wa 1964. Mzee aliyeweka akiba yake senti kwa senti kwa miaka 20 alipewa fedha ambazo zamani zingejenga nyumba, na sasa hazikumaliza hata paa. Mfuko huo ulibadilishwa mwaka 1997 ukawa NSSF, wenye kulipa pensheni ya kila mwezi. Lakini wale waliolipwa mwanzo walikwisha kulipwa, na wengi wao walizeekea katika kambi zile zile, wasio na nauli ya kurudi kwao.

Kadhalika wako wazee wa reli. Walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikavunjika mwaka 1977. Nchi tatu zilikubaliana juu ya kugawana mali na madeni mwaka 1984, lakini hata baada ya mwaka 2005 wazee hao walikuwa bado wakionekana Dar es Salaam wakidai haki yao, wengine wakitembelea mikongojo. Hatuyasemi haya kwa kumlaumu mtu leo. Tunayasema ili mwenye kupokea pensheni yake kila mwezi ajue kwamba ameshika neema ambayo wenziwe waliifia mlangoni.

Sasa tuingie katika hesabu, nasi tunaomba radhi kwa wasiopenda hesabu mimbarini. Lakini aya ya mirathi nayo ni hesabu, na hakuna aliyewahi kuilaumu.

Tangu mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa mmoja, uitwao PSSSF, na wafanyakazi wa sekta binafsi wakawekwa katika NSSF. Likafuata suala la kikokotoo ambalo nyote mnalijua, maana lilizungumzwa hata harusini. Kanuni ya mwaka 2018 ilisimamishwa mwaka huo huo, ikaja nyingine Julai 2022 iliyoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2024/25 asilimia hiyo ikapandishwa kuwa 40 kwa watumishi waliokuwa zamani wakipata nusu, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo.

Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja. Tuseme wastani wa mshahara wake katika miaka yake mitatu iliyo bora ni shilingi 600,000 kwa mwezi, naye amechangia miezi 360, yaani miaka 30. Mshahara wake wa mwaka ni shilingi 7,200,000. Huzidishwa kwa ile miezi 360, kisha hugawanywa kwa 580, ikapatikana pensheni yake kamili ya mwaka, nayo ni shilingi 4,468,000 na ushei. Asilimia 40 ya hiyo huzidishwa kwa miaka 12 na nusu, akapewa yote mara moja: shilingi 22,344,000 na ushei. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, ikawa shilingi 223,000 na ushei kila mwezi, maadamu yu hai.

Hapa ndipo tunapotaka kila mmoja asikilize kwa makini. Shilingi milioni 22 zile si zawadi, wala si bahati, wala si faida ya biashara. Ni sehemu ya pensheni yake ya miaka 12 na nusu, yaani ya miezi 150, iliyotangulizwa akapewa mkononi siku moja. Zigawanyeni kwa miezi 150, mtaona zinatoka karibu shilingi 149,000 kwa kila mwezi. Basi mwalimu huyu hakupewa utajiri. Amepewa unga wa mwezi huu, na chumvi ya mwaka ujao, na dawa ya presha ya mwaka wa kumi, vyote vimefungwa katika kitita kimoja. Akitoa milioni 5 kwa karamu ya harusi ya mwanawe, amekwisha kula miezi zaidi ya 33 kwa siku mbili. Akimkopesha shemeji milioni 2 bila maandishi, amempa zaidi ya miezi 13 ya chakula chake mwenyewe.

Hesabu hii inafahamika na mtoto wa shule. Kwa nini, basi, twawaona watu wazima, tena wasomi, wanaishiwa kabla ya mwaka kugeuka? Sisi twaona sababu si ujinga wa hesabu. Sababu ni kwamba mtu huificha hesabu hiyo na watu wa nyumbani mwake.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Mzee hupokea ujumbe wa benki katika simu, akaitia simu mfukoni, akanyamaza. Mkewe hajui ni milioni 10 au ni milioni 60. Watoto hawajui. Kwa kuwa hawajui, kila mmoja hudhani ni nyingi. Mtoto wa kwanza anataka bodaboda, wa pili anataka mtaji, wa tatu anataka ada, dada mtu anataka bati, na jirani anamwita tajiri. Mzee naye haya humshika, hawezi kusema sina, maana hajawahi kusema ninacho kiasi gani. Hutoa huku, hutoa kule, na kila anachokitoa hukitoa kwa siri, hata asijumlishe. Siku ya kwisha ndiyo siku mkewe anapoambiwa. Hapo huanza maneno, na talaka za uzeeni, Mwenyezi Mungu atuhifadhi, tumezisikia kesi zake mara nyingi kuliko tupendavyo.

Mwenyezi Mungu (S.W.) amewasifu waumini katika Suratish Shura kwamba mambo yao huyafanya kwa kushauriana. Na katika Suratul Baqara, hata suala la kumwachisha mtoto ziwa limefanywa la kuridhiana na kushauriana baina ya mume na mke. Ikiwa maziwa ya mtoto mmoja yametakiwa shauri, je, chakula cha nyumba nzima cha miezi 150 hakitaki? Mke ndiye anayejua sukari inakwisha siku ngapi. Ndiye anayejua mjukuu yupi hulala kwao na yupi huenda kwa baba yake. Kumpangia matumizi bila ya kumwuliza ni sawa na nahodha kutoka bandarini bila kumwuliza baharia ana maji mapipa mangapi.

Basi siku ile ujumbe wa benki unapoingia, au afadhali zaidi miezi sita kabla yake, mume na mke wakae baada ya Isha, wachukue daftari la mtoto wa shule, waandike. Waandike kwanza deni, kila deni, hata lile la duka la pembeni ambalo mmoja wao anamficha mwenziwe. Deni hutangulia wasia na mirathi mtu akifa, basi litangulie na starehe akiwa hai. Waandike kisha vitu visivyosubiri: chakula, dawa, umeme, maji, mkaa, ada ya mtoto aliyebakia shuleni. Wavipime kwa ile shilingi 223,000 ya kila mwezi, siyo kwa milioni 22. Panapopungua, na patapungua, hapo ndipo waulize: tupunguze nini, na tuongeze nini kwa mikono yetu? Nyumba inayoishi ndani ya pensheni ya mwezi, mkupuo wake hukaa. Nyumba inayoishi ndani ya mkupuo, pensheni yake haitatosha daima.

Ama chakula, Mtume wetu (s.a.w.) ametuwekea mwendo ulio wazi. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Umar bin Khattab (r.a.) kwamba Mtume alikuwa akiuza tende za mashamba ya Bani Nadhir, na akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Mtume mwenye kumtegemea Mola wake kuliko sisi sote hakuona kwamba kuweka akiba ya mwaka kunapunguza tawakkul. Tuufuate mwendo huo kwa hali ya Korogwe. Nyumba ya watu watano wenye kula ugali hutumia, kwa kukisia, kilo 75 za unga kwa mwezi, ambazo ni magunia tisa ya kilo 100 kwa mwaka. Mahindi ya masika huvunwa mwezi wa Julai na Agosti, na hapo bei hushuka. Mwezi wa Januari na Februari hupanda. Anayenunua kisado kwa kisado hulipa bei ya Januari maisha yake yote. Anayenunua magunia yake baada ya mavuno, akayakausha vizuri, akayatia katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyageuze vumbi, amekwisha jiongezea pensheni bila ya kuandika barua ofisini. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaamuru watu wa Misri wayaache mavuno katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, maana yake hata namna ya kuhifadhi ni elimu aliyoifundisha Mtume wa Mungu. Kununua cha kula nyumbani si ihtikari. Ihtikari iliyokatazwa ni kuwafichia watu chakula ili bei ipande.

Wako watakaosema: sisi tunataka biashara. Twawajibu, biashara ni halali, na Mtume mwenyewe alifanya. Lakini mtu aliyefundisha darasani miaka 30 hakuwahi kuendesha basi, wala hakuwahi kufunga gunia la vitunguu akalipeleka Kariakoo. Kuanza kujifunza ukiwa na miaka 60, kwa fedha ya chakula, ni kucheza. Afanye lile alilolifanya kidogo kidogo kabla ya kustaafu: kuku wake, shamba lake la muhogo, mashine yake ya kushona. Hilo alikuze. Na amwogope kila anayempigia simu akijitia mtumishi wa mfuko na kumtaka atume fedha ili faili lake lipite, huyo ni mwizi. Na amwogope kila anayemwahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Tunaikumbuka DECI, iliyoanza mwaka 2007, watu wakawa wanaambiwa wanapanda mbegu, mpaka Serikali ilipoifunga mwaka 2009, na mavuno yasionekane. Walioingia walikuwa wa kila dini, na wastaafu walikuwamo.

Ubaya zaidi ni mikopo. Riba imeharamishwa kwa maneno makali ambayo hayakutumika katika madhambi mengi, nasi hatuna ruhusa ya kuyalainisha kwa kuwa mkopaji ni mzee. Watu wenyewe wameipa mikopo hii jina la kausha damu, na jina hilo ni fatwa tosha. Mstaafu akiisha kuiweka pensheni yake rehani, kila mwezi hupokea mabaki, na hadi mwisho wa mkopo huwa anafanya kazi ya kumlipa mtu mwingine katika umri ambao hana kazi. Wala asikubali kuitoa hati ya nyumba kuwa dhamana ya mkopo wa mtoto au wa rafiki. Nyumba anayolala mama watoto si karatasi ya kuazimisha.

Sasa suala la Hija, maana tumeulizwa nalo mara nyingi. Mzee amepokea mkupuo, anatamani kuiona Al Kaaba kabla hajafa, na tamaa hiyo ni njema. Lakini Mwenyezi Mungu ameifaradhisha Hija kwa mwenye uwezo wa njia, na wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamesharutisha kwamba nauli na masurufu yazidi deni lake na nafaka ya wanaomtegemea mpaka arudi. Basi aliye na deni analodaiwa sasa, alipe. Anayemwacha mke bila unga, hakuitwa bado. Na mwenye kukopa kwa riba ili ahiji, hatujui atasimamaje Arafa. Aliye na uwezo huo asicheleweshe, asije akangoja mpaka miguu imkatae.

Na zaka isisahaulike. Fedha iliyofikia nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85 na kwa fedha ni gramu 595, ikikaa mwaka mzima mikononi mwake, hutolewa asilimia mbili na nusu. Thamani ya shilingi hubadilika, kwa hiyo aulize bei ya siku hiyo, asikisie. Wengine huogopa zaka itamaliza mkupuo. Sisi hatujaona mkupuo uliomalizwa na zaka, lakini uliomalizwa na harusi tumeuona.

Ninyi vijana msidhani hotuba hii si yenu. Mwenye miaka 30 leo, miezi yake 360 imekwisha anza kuhesabiwa. Na mkulima na mama muuza vitumbua wasiseme hatuna mwajiri, maana NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri, na mchungwa uliopandwa leo hauombi kikokotoo.

Tunayasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na yenu. Mwombeni msamaha, kwani Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Enyi Waislamu, tumebakiwa na maneno machache, na baadhi yake yatawachukiza wengine. Tunayasema kwa kuwa tumekalifishwa kuyasema.

La kwanza ni mkupuo wa mwanamke. Walimu wetu wengi na wauguzi wetu wengi ni wanawake. Mwanamke amefanya kazi miaka 30, amelea, amepika alfajiri kabla ya kwenda kazini, kisha amestaafu. Fedha ile ni mali yake, wala hakuna katika sheria ya Kiislamu neno moja linaloifanya kuwa mali ya mumewe. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewapa wanaume walichokichuma na amewapa wanawake walichokichuma. Nafaka ya nyumba ni juu ya mume, hata kama mke ana milioni 100. Akitoa kwa ridhaa ya moyo wake, ana thawabu mbili, ya sadaka na ya kuunga udugu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomjibu mke wa Abdallah bin Masud. Akinyang'anywa kwa vitisho, au kwa kufichiwa kadi ya benki, au kwa kuambiwa kwamba mume ni mkubwa wa nyumba na mali ni yake, hiyo ni dhulma, hata ikiwa mume huyo anasali safu ya mbele. Tumeletewa habari za mume aliyechukua mkupuo wa mkewe akaolea mke wa pili. Kuoa mke wa pili ni ruhusa yenye masharti, na sharti la kwanza ni uwezo wake yeye, si uwezo wa mke wa kwanza.

La pili, watoto. Mzee akitaka kumpa mtoto mmoja, awape wote. Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa baba yake Nuuman bin Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe mmoja na kuwaacha wengine, akaamuru uadilifu baina yao. Na Saad bin Abi Waqqas, alipougua Makka akataka kuitoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, Mtume alimzuia hata kwa nusu, akamruhusu theluthi, akaiona hata hiyo kuwa nyingi, akamweleza kwamba kuwaacha warithi wakiwa na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Ikiwa sadaka yenyewe imewekewa mpaka, vipi karamu?

Nanyi watoto mlio mijini, msimpigie simu mzee tarehe ambayo pensheni imeingia peke yake. Nafaka ya wazazi wasiojiweza ni wajibu juu yenu, si fadhila. Ikiwa mzee ametaja kiasi chake wazi, kama tulivyomwusia, basi nanyi tajeni wazi mtakachotoa kila mwezi, hata kikiwa kidogo. Elfu 10 inayofika kila mwezi humfaa mama kuliko laki moja ya Idi.

La tatu, wenye kuajiri. Sheria imeweka mchango wa asilimia 20 ya mshahara. Katika NSSF nusu hukatwa mfanyakazi na nusu hutoa mwajiri. Mwajiri anayemkata mfanyakazi wake kila mwezi kisha asiupeleke mchango, amekula amana. Mfanyakazi hajui mpaka anapofikia miaka 60 na kuonyeshwa karatasi yenye mapengo. Basi kila mfanyakazi aiangalie taarifa ya michango yake kila mwaka akiwa bado ana sauti ya kudai. Sayyidna Umar (r.a.), kama alivyosimulia Abu Yusuf katika Kitabul Kharaj, alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni mwa watu kwa sababu ya uzee na kodi. Akamshika mkono mpaka nyumbani kwake akampa, kisha akamwagiza mtunza Hazina amtazame mzee huyo na walio mfano wake, akaona si haki kuutumia ujana wa mtu na kumtupa uzeeni. Mzee yule hakuwa Mwislamu. Na ndugu zetu wa Zanzibar, tangu mwaka 2016, wameanza kumlipa kila mzee aliyefikia miaka 70 posho ya kila mwezi, iliyoanza kwa shilingi 20,000, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ni kidogo, lakini mkulima na mvuvi wamehesabiwa kuwa nao walifanya kazi.

La mwisho ni siku yenyewe ya mstaafu. Mwenye kukaa ofisini miaka 30 akirudi nyumbani hujikuta hana mahali pa kukaa. Hukaa jikoni akihesabu vijiti vya kiberiti na kuuliza kwa nini vitunguu vimekatwa vitatu. Bibi naye, ambaye amezoea nyumba yake ya asubuhi, huona ameletewa mkaguzi. Tunawausia wazee: asubuhi mtu atoke. Aende shambani mwake hata kama ni hatua kumi za mchicha. Watoto wa madrasa wanahitaji wa kuwasikiliza Juzuu Amma, na darasa la saba wanahitaji wa kuwafundisha hesabu jioni, na hizi ni kazi ambazo pensheni imekwisha zilipia. Apime presha na sukari kila mwezi, aulize haki yake ya bima kabla hajaugua, asipuuze kuhakikiwa na mfuko wake, maana pensheni ya mtu asiyehakikiwa husimamishwa kama ya maiti.

Ewe Mwenyezi Mungu, waghufirie Waislamu wanaume kwa wanawake, walio hai na waliokufa. Warehemu wazee wetu wa mkonge na wa reli waliozikwa katika ardhi hii mbali na makwao. Tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu, na utukunjulie riziki yetu wakati umri wetu unapokuwa mkubwa na mifupa yetu inapokuwa dhaifu.

Tunatangaza kwamba Jumapili baada ya Alasiri, katika baraza ya madrasa yetu, mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu atakaa na wote waliobakiza miaka miwili au chini yake kabla ya kustaafu. Kila mtu aje na taarifa yake ya michango na daftari tupu. Mwenye mke aje na mkewe, na mwenye mume aje na mumewe. Mahali pa wanawake pametengwa, nao wataiona hesabu ubaoni sawa na wanaume.

Simameni, mnyooshe safu. Aqimis-Swalaa.